Maneno ya Midomo ya Desmond Hallowell

Kwa miaka thelathini na saba watu wa Tarbell, mji mdogo wa Ohio, walimsengenya Zerelda Pruitt mbele ya macho yake, wakidhani wako salama. Homa nyekundu ilimwondolea masikio akiwa na miaka tisa, ikamwachia macho, na macho hayo yakabeba kazi mbili. Ukisimama ng'ambo ya barabara kuu, mvua inanyesha, ukamnong'oneza mwenzako jambo, Zerelda aliyekaa dirishani mwa duka lake alikwishalipata kabla ya huyo mwenzako. Wapo wanaosema aliwahi kusoma maneno ya mtu aliyempa kisogo, kwa jinsi shavu lilivyokuwa likicheza. Hakuna aliyeapa kwamba ni kweli, na hakuna aliyethubutu kukana.

Alikuwa mshona kofia. Wanawake wa mji walikaa mbele ya kioo chake, wawili wawili, wakaongea kana kwamba naye ni kile kigogo cha kuvalishia kofia.

"Maskini, umri wote huu na hajapata hata wa kumchokoza," alisema mmoja.

"Nani amchokoze? Utamwita mara ngapi ndipo ageuke?"

Zerelda aliyasoma kiooni, akaendelea kubandika maua. Kofia ya yule mwenye ulimi ilitoka dukani imelala upande mmoja, na hakuna pini iliyoweza kuinyoosha hadi leo.

Ijumaa jioni alikwenda sinema. Pale Orion alipapenda, kwa sababu taa zikizimwa wote walikuwa viziwi kama yeye. Mpiga piano alipiga piano yake, hilo halikumhusu. Kwenye pazia watu walifungua vinywa bila sauti, na kila baada ya muda maandishi yalitokea kueleza wamesema nini. Maandishi yale yalikuwa ya uongo. Zerelda aligundua hilo tangu filamu ya kwanza, akanyamaza, maana alidhani kila mtu anajua.

Mwaka ule wa 1923 wanawake wa Tarbell walirukwa na akili kwa ajili ya Desmond Hallowell, mwigizaji wa filamu. Alikuwa na nywele zilizopakwa mafuta hadi zinaakisi taa, na macho ya mtu aliyekosa chakula cha mchana. Waliunda chama cha kumpenda, wakawa wanakutana kila Alhamisi. Mwenyekiti alikuwa Lavinia Hobart, mke wa mwenye duka la dawa, mama mpana aliyezoea kuamuru. Katibu alikuwa Fern Lacey wa posta, mwembamba kama bahasha, ambaye barua ya kila mtu humfikia yeye kwanza. Walikuwa na picha moja ya Hallowell yenye sahihi yake. Mama Hobart aliinusa akasema inanukia marashi ya kiume. Fern aliinusa akasema inanukia gundi, nusura avuliwe ukatibu.

Basi Ijumaa moja ilionyeshwa filamu ya nahodha aliyefungwa bila kosa. Hallowell kashika vyuma vya gereza, Gladys, mwigizaji aliyekuwa mpenzi wake katika kila filamu, kasimama nje, machozi yanamtiririka. Maandishi yakatokea: "Nitakungoja milele." Lakini mdomo wa Hallowell ulikuwa umesema, "Gladys, toa kisigino chako, umekanyaga kidole changu chenye sugu."

Zerelda akacheka. Kicheko cha mtu asiyejisikia hakina kipimo, kikajaza ukumbi mzima. Taa zilipowashwa Fern alimvuta bega.

"Bi. Zerelda, kuna nini cha kuchekesha? Mwenzio anafungwa pale."

"Hakusema vile," Zerelda alijibu. Sauti yake ilikuwa imenyooka kama rula. "Yale maandishi ni mengine. Mdomo wake umesema mengine."

Mama Hobart aligeuka na kiti chake. "Mdomo wake umesema nini?"

Wanawake ishirini walimgeukia. Walimtazama usoni, wakakaa kimya wakimngoja yeye, mshona kofia. Toka azaliwe hakuna aliyewahi kumuuliza anajua nini. Zerelda aliifikiria ile sugu. Iliwaka ulimini mwake, akaimeza.

"Alisema, 'Wakininyima mkate nitatafuna jina lako, na nitashiba.'"

Walilia hadi mwenye sinema akaleta ndoo na kuwaomba wasimharibie zulia.

Toka siku hiyo maisha ya Zerelda yalipinduka. Safu ya tatu katikati kiti kikawa chake. Karanga za sukari zilimfikia kabla ya mwenyekiti. Alhamisi aliitwa nyumbani kwa Mama Hobart kula pai ya tufaha, na Mama Hobart mwenyewe aliisogeza taa ili mdomo wa kila msemaji uonekane vizuri. Watu walimgeuzia uso barabarani. Kila wiki aliwapa maneno, na kila wiki walitaka mengine. Hallowell alimwambia Gladys kwamba macho yake yamemkata kama mkasi kwenye hariri. Hallowell alimwambia Gladys kwamba mioyo yao imeunganishwa kwa mshono usioonekana.

"Mshono usioonekana," Fern alirudia, kalamu ikiwa hewani. "Mwanamume gani anajua mshono usioonekana?"

"Mwanamume mwenye hisia," alisema Mama Hobart.

"Mume wako ana hisia. Anajua mshono?"

"Andika, Fern."

Fern aliandika, lakini alimtazama Zerelda kwa jicho moja, kama anavyotazama bahasha iliyotiwa gundi mara mbili. Zerelda aliliona jicho hilo. Akaongeza tahadhari, akaondoa sindano na uzi katika mapenzi ya Hallowell, akaweka mwezi.

Hallowell wa kweli alimficha. Alimjua kuliko wanawake wote wa Ohio. Alijua kwamba ana jino bovu chini upande wa kulia, ambalo lilimsumbua filamu tatu mfululizo na anaogopa kuling'oa. Alijua anachukia farasi, anapenda supu ya maharage, na mama yake amemwandikia arudi nyumbani. Siku nyingine, Hallowell akipiga magoti na kushika shavu kwa uchungu, ukumbi ulilia kwa ajili ya mapenzi na Zerelda alilia kwa ajili ya jino.

Mwezi wa kumi alifika Amos Tillotson, mpanga herufi mpya wa gazeti la mji. Naye alikuwa kiziwi, tena wa kuzaliwa, aliyesomea shule ya viziwi Columbus, ambako walimfundisha uchapaji na kusoma midomo. Kusema hakusema. Alitembea na daftari dogo mfukoni mwa aproni, na vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi siku ya kuoga.

"Barua zake nimeziona," Fern aliwaambia wenzake Alhamisi. "Kwa nje tu. Miji sita imemkataa. Wakimwona hasikii wanasema nafasi imejaa. Sasa nawauliza: huyu naye si anasoma midomo?"

Kipande cha pai kilisimama njiani kuelekea kinywani mwa Zerelda.

Ijumaa iliyofuata Amos alikaa safu ya tano. Hallowell alimwinua Gladys kutoka mtoni, ukumbi ukaguna kwa huruma, na nyuma yao mtu akacheka. Zerelda hakukisikia kicheko, ila aliona Fern anageuka, na alimwona Fern anaandika kitu kwenye daftari la chama gizani, bila kuona anachoandika.

Jumatatu alijifanya ana tangazo la kofia, akaenda chapa, kule linakochapwa gazeti. Alimkuta Amos anapanga herufi za risasi kwenye kifremu, kinyumenyume, haraka kama kuku anayedonoa. Amos alimtazama, akafuta mkono, akaandika kwenye daftari lake: "Wewe ndiye unayewasomea wanawake."

"Ninasoma ninachokiona," alisema Zerelda.

Amos aliandika tena: "Uliwaambia nini, pale mtoni? Mimi nimemwona anasema maji ni baridi na ana njaa. Wao wametoka wanafuta machozi."

Zerelda alilitazama daftari lile kama linaweza kumng'ata. Je, huyu ametumwa na Fern? Mbona anauliza kwa maandishi, yanayobaki? Akajibu, "Safu ya tano inapotosha. Ukikaa mbali midomo hupinda."

Amos akaandika neno moja: "Pengine."

Hilo "pengine" lilimfuata Zerelda wiki nzima. Alishona kofia mbili bila ukingo. Alimwona Fern akivuka barabara kuelekea chapa, akasema moyoni, yamekwisha. Fern alipeleka tangazo la posta tu, lakini Zerelda hakujua hilo. Hata karanga alianza kuzihesabu, aone kama zimepungua.

Alhamisi Fern alisimama kabla ya chai.

"Mimi sina ubaya na mtu," alisema, na wote wakajua ana ubaya. "Nataka kujua tu. Tunao wawili sasa. Tuwakalishe mbalimbali, waone kipande kimoja, kila mmoja aandike. Wakilingana, nitaomba radhi kwa magoti. Wasipolingana..." Alimalizia kwa kuinua mabega.

Mama Hobart alimtazama Zerelda. "Wewe unasemaje, dada?"

Zerelda aliona taa imesogezwa karibu na mdomo wa Mama Hobart kwa ajili yake. Akikataa, itarudi mahali pake pa zamani.

"Nimekubali," alisema.

Jumamosi asubuhi mwenye sinema alifunga madirisha na kuweka kipande kimoja: Hallowell anaagana na Gladys kwenye kituo cha treni, theluji inaanguka. Zerelda aliwekwa kushoto, Amos kulia, chama kizima katikati kama baraza la mahakama. Hallowell alimkumbatia Gladys. Maandishi: "Kwaheri, malkia wangu." Mdomo ulikuwa na mengine, na Zerelda aliyaona yote, moja moja. Taa zikawaka. Penseli zikapewa.

Zerelda alimtazama Amos, akaona penseli yake haisiti. Akajiambia labda mtu huyu ana huruma, labda ataandika cha kupendeza, wanaume wengine wanaweza. Akainamia karatasi akaandika cha kwake.

Mama Hobart alizikusanya. Alisoma ya Zerelda kwanza, akiwa amesimama kwenye mwanga.

"'Treni ikiondoka usinipungie mkono, maana nikiuona nitaruka dirishani na kurudi kwako kwa miguu.'"

Mtu mmoja alipenga kamasi. Kisha Mama Hobart akafungua ya Amos.

"'Theluji hii ni chumvi. Imeingia kwenye jino. Maliza kulia, Gladys, nikanywe supu.'"

Fern alifungua kinywa, lakini Mama Hobart alikuwa amekwishaichana karatasi ya Amos vipande vinne.

"Mnamjua Hallowell," alisema. "Miaka miwili tumemtazama yule mtu. Ana uso wa mtu wa kuongea habari za supu?"

"Hana," walisema wote.

"Chumvi? Theluji ile niliihisi baridi mpaka mifupani, na hapa tumewashiwa jiko. Huyu bwana ni mwongo. Na mwongo huyu ndiye anayepanga herufi za gazeti letu. Ikiwa anaweza kumwandika hivi Hallowell, mimi na wewe atatuandikaje siku ya matanga yetu? Kesho baada ya ibada ninakwenda kwa mwenye gazeti. Ananunua dawa ya kikohozi kwangu, atanisikiliza."

Fern naye alikubali, kwa kuwa aibu aliyoitafuta ameipata, hata kama imemwangukia mwingine. Wanawake wakaanza kusimama. Mmoja alimpa Zerelda mfuko mzima wa karanga.

Zerelda alimtazama Amos. Amos alikuwa ameyasoma yote, kila neno la Mama Hobart, hakuna lililompita. Alirudisha penseli mfukoni taratibu, akaanza kufunga vifungo vya koti, kama mtu anayekumbuka njia ya kwenda mji wa nane.

Zerelda aliweka mfuko wa karanga kitini.

"Alichoandika ndicho," alisema. "Mimi ndiye niliyewadanganya."

Walimgeukia. Mama Hobart alisogea akamshika kidevu, akamtazama machoni kama anayetafuta homa.

"Amekutisha huyu?"

"Hajanitisha."

"Jumatatu ulikwenda chapa," Fern alisema. "Ulikaa muda. Nilikuona." Akawageukia wenzake. "Mnaona? Kuna mapenzi hapa. Mwanamke wa miaka arobaini na sita anajichafua kwa ajili ya vidole vyeusi."

"Lo, maskini," alisema mmoja, safari hii akikumbuka kuziba mdomo kwa mkono.

Zerelda alikuwa ametarajia kupigwa, na hata hilo wamemnyima. Alitazama milango ya vioo ya Orion, akamnyooshea Fern kidole.

"Nenda nje. Funga mlango, usimame mbali kule kwenye mlingoti wa taa ya gesi. Sema unachotaka, kwa sauti ya chini kabisa. Mimi nitasimama pembe hii, yeye pembe ile. Tutaandika. Mkishaona kwamba tunasoma sawa, mtajua hakuna aliyeona vibaya leo. Aliyeandika uongo aliandika kwa kutaka."

Fern alitoka kwa furaha. Mlango ulifungwa. Alisimama chini ya taa ya barabarani, akajikunyata kwa baridi, akafikiri, kisha akatazama kupitia vioo kundi lile lililosimama ndani bila kumsikia, na mdomo wake ukaenda.

Mama Hobart alipokea karatasi mbili. Ya Amos aliisoma kwa sauti kubwa kabla macho hayajafika mwisho.

"'Lavinia leo amejipaka unga kama donati, na bado anadhani Hallowell atamtazama.'"

Aliifungua ya Zerelda polepole. Hakuisoma kwa sauti. Haikuwa na haja, wote waliona shingo yake inavyobadilika rangi. Zilifanana hadi neno la mwisho.

Fern aliingia akisugua mikono. "Haya, wameandika nini?"

Mama Hobart alikunja karatasi zote mbili, akazitia kwenye mkoba, akaubana. Halafu akamgeukia Zerelda, na ingawa taa haikuwa karibu, alisema kila neno wazi.

"Jino ni la kweli."

"Ni la kweli. Analo tangu mwaka jana."

"Na mkate? 'Nitatafuna jina lako?'"

"Ni wangu."

"Treni?"

"Yangu."

"Na mshono," alisema Fern kwa sauti ndogo.

"Wewe nyamaza," alisema Mama Hobart. Aliendelea kumtazama Zerelda. "Alhamisi zote zile. Nimeyasema yale maneno nikiwa peke yangu jikoni. Nimeyasema nikikaanga viazi. Nilikuwa nalia kwa maneno ya mshona kofia."

Mama Hobart aliondoka, na chama kizima kilimfuata. Amos alitoka wa mwisho. Aliandika kwenye daftari, akachana ukurasa, akamwekea mkononi: "Ungesema kabla sijafunga koti." Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki.

Kwa mwenye gazeti hakwenda mtu, na Amos alibaki kazini. Zerelda ndiye aliyeondolewa. Safu ya tatu alikaa mwingine, naye akahamia kiti cha nyuma kabisa. Oda za kofia zikahamia mji wa jirani, na waliompita barabarani waliinamisha uso kifuani waongee na kola zao, jambo lililowafanya watu wawili kugongana na kigingi cha farasi. Lakini chama nacho hakikupona. Waliendelea kwenda Ijumaa, wakiyasoma maandishi kwa bidii, ila Hallowell alipopiga magoti macho yote yaliteremka kwenye mdomo wake. Hawakuweza kuusoma na hawakuweza kuuacha. Kila akishika shavu, mtu fulani alinong'ona, "Jino," na machozi yaliyokuwa njiani yakarudi. Ndoo ya mwenye sinema ilikauka. Inasemekana panya walizalia humo.

Jumanne moja ya Februari ubao wa sakafu ulitikisika chini ya miguu ya Zerelda, akajua mlango umefunguliwa. Alikuwa Mama Hobart. Alitazama barabara kushoto na kulia, akafunga mlango, akavuta pazia la dirisha nusu. Akaketi, akamgeuzia Zerelda uso.

"Nataka kofia."

"Ya rangi gani?"

"Yoyote."

Zerelda alichukua kipimo. Mama Hobart alimshika mkono ukaishia hewani.

"Ijumaa," alisema. "Pale alipopanda kilima na bendera, akageuka kumtazama Gladys kule chini. Usiniambie alisema nini."

"Alikuwa analalamika kwamba..."

"Nimesema usiniambie." Mama Hobart alilitazama pazia, kisha akamgeukia tena. "Ingekuwa wewe, ungempa aseme nini?"

Zerelda aliutazama mdomo ule, halafu macho, halafu mdomo tena. Alikuwa amesoma midomo mingi iliyosema jambo huku macho yakisema jingine, na aliutafuta mtego hapo kwa uangalifu wote alionao.

"Fern yuko wapi?"

"Posta. Amepata barua ya mchungaji, hatoki leo."

"Na haya yatafika Alhamisi?"

"Hayafiki popote. Na nikigundua umempa Fern hata nusu yake, kumbuka mume wangu anauza dawa za kila aina."

Zerelda alifikiri kidogo kuhusu kile kilima, upepo wake, na mwanamume aliyesimama juu yake bila neno lolote la maana mdomoni. Alivuta kiti.

"Sogea mwangani," alisema, "na unishikie huu utepe, maana ana mengi ya kusema."